Maharage ya Mama Hayatavuka Kambi ya Machame

Moshi,
Jumapili jioni.

Mpendwa Rukia,

Salaam nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote wa nyumbani Chumbageni. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mafua madogo ambayo yamepita nyumba nzima na sasa yamehamia kwa jirani. Nisamehe kwa kukatisha salaamu, kwa kuwa kilichonikalisha mezani kuandika badala ya kupiga simu ni orodha yako, ile uliyompa dereva wa basi pamoja na bahasha ya korosho. Ningeianza kwenye simu, ungenikatiza kabla sijafika kwenye kitu cha tatu.

Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na Mwalimu Temu, naye alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. Kilo 8 za maharage ya Lushoto, jiko la mkaa na debe la mkaa wake, mkeka wa ukili, kinu cha kutwangia vitunguu saumu, katoni 2 za maji ya chupa na mablanketi 3. Rukia, tunakwenda kulala kwenye mahema usiku 6 mlimani Kilimanjaro. Hatumpeleki mwali kwa mumewe.

Jiko na mkaa viache huko huko, kwa maana ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuwasha moto wa kuni wala wa mkaa, na tutapikia gesi kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Maji ya chupa nayo hayatapita getini, kwani chupa za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mlimani. Kila mmoja wetu atabeba chupa zake ngumu za kujaziwa, zenye ujazo wa jumla usiopungua lita 3. Mifuko ya plastiki sina haja ya kukukumbusha, kwa sababu marufuku yake ni ya nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, ingawa nakumbuka vizuri ni nani aliyekuwa bado ameificha chini ya godoro mwaka mmoja baadaye. Unga, mchele na sukari nimeamua kuvishonea vifuko vya kitambaa cha marekani, kila kimoja na jina lake kwa wino, ili mpishi asije akatutilia chumvi kwenye chai.

Yanabaki maharage, na hapo ndipo moyo wangu unapopata uzito, kwa kuwa najua si yako bali ni ya Mama, na najua aliyachambua mwenyewe kwa mkono wake.

Maharage yenyewe hayana kosa. Kosa ni la mlima. Kwenu Tanga, ukingoni mwa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Hapa Moshi, ambapo tuko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Na kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi 1 nyingine. Tukifika kambi ya Shira, karibu na mita 3,850, maji yatakuwa yanatokota kwa fujo zote kwenye nyuzi 87, nawe utadhani yana moto wa kutosha, kumbe yamekwisha kufika mwisho wa uwezo wake, na hata ukiwasha moto wa namna gani hayatapanda tena, yatageuka mvuke tu. Ugali hauna neno, kwa sababu unga wa mahindi huiva kwenye joto la chini ya hapo, na ndiyo maana wapagazi, ambao hapa kwetu hujiita wagumu, wanapanda nao kila siku. Mchele huchelewa lakini hufika. Maharage makavu, Rukia, hayafiki.

Nakueleza hivi si kwa kuyasoma mahali. Safari ile ya mwaka juzi, niliyokwenda na watu wa ofisini, mimi ndiye niliyekabidhiwa manunuzi, na kwa kiburi cha mtu aliyezaliwa chini ya mlima nilinunua kilo 3 za maharage bila kumuuliza mpishi. Mpishi alinishauri niyaache, nikamwambia kwetu tumeyapika miaka yote. Pale Shira tuliyabandika saa 10 jioni. Saa 3 usiku ukiyaonja yalikuwa yanagonga meno kama kokoto, nami, badala ya kukubali kushindwa mbele ya watu, niliagiza yaendelee, huku gesi ikiteketea na upepo ukilipiga hema la jikoni kama anayedai deni. Tulilala na tambi tupu. Siku mbili baadaye, pale Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,673, mtungi ulikwisha wakati wa kuchemsha maji ya chai ya usiku wa kwenda kileleni, na watu 7 wakaondoka kabla ya saa 6 usiku wakiwa na biskuti kavu na maji baridi tumboni, katika baridi ambayo iligandisha hata mafuta ya mdomo. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Joha, mmoja wa wale saba, hata hivyo, kila tukikutana sokoni huniuliza kama maharage yangu yameiva.

Barafu, kama hujui, haina chanzo cha maji. Maji ya kupikia na kunywa hubebwa kutoka bonde la Karanga, mgongoni mwa mtu, kwa saa kadhaa za mwinuko. Kwa hiyo sufuria moja ya maharage yasiyoiva pale juu ingekuwa imekula gesi ya mtu mmoja na maji ya mtu mwingine, ndiyo maana sitaki hata kuijadili.

Najua utaleta hoja ya sufuria ya presha, kwa kuwa nilikwisha kuiona ikikujia ulipoandika pembezoni mwa orodha neno «shemeji» na alama ya kuuliza. Ni kweli kwamba sufuria ile huongeza joto la maji na ingeyaivisha. Lakini ile ya shemeji ni ya chuma kizito cha zamani, na hapa niruhusu nikufanyie hesabu, kwa maana mzigo wetu wote unategemea hesabu hii.

Mpagazi mmoja haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari, na mizani iko pale getini Machame. Nimeona mizigo ikifunguliwa mbele ya watu na vitu vikitolewa kimoja kimoja, aibu ambayo siitaki tena. Kampuni tuliyokubaliana nayo imetupunguzia bei kwa sharti kwamba chakula chetu sisi wanne tukinunue wenyewe. Nikikadiria robo tatu ya kilo ya chakula kikavu kwa mtu kwa siku, watu 4 kwa siku 7 tunapata kilo 21, yaani mpagazi mmoja tayari amezidishiwa kilo 1 kabla hatujaweka kabichi, karoti, mayai wala parachichi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukijumlisha na chuma chake, unavuka kilo 12, na tutahitaji 2. Begi la kila msafiri lisizidi kilo 15. Sasa niambie, kilo 8 za maharage, kilo kadhaa za sufuria na hicho kinu cha mninga tunamtwika nani? Vitunguu saumu vitatwangwa hapa nyumbani, vitiwe chumvi na mafuta, viwekwe kwenye kopo. Mkeka wa ukili utalowa usiku wa kwanza na kuwa mzigo wa watu wawili. Mimi nimepata magodoro membamba ya sponji yanayokunjwa, na mabegi ya kulalia tutayakodi, hivyo mablanketi nayo yabaki.

Kuhusu utaratibu wa kula, nimekubaliana na mpishi (ni yule yule, ameonyesha moyo wa kusamehe) kwamba vizito viliwe mwanzoni. Nyama, ndizi, machungwa na mboga za majani ziishe katika siku 2 za kwanza. Kabichi na karoti zitatufikisha Karanga. Na kuanzia Barafu tuwe na uji, supu, tambi na vitu vya kutafuna, kwa sababu huko juu njaa humkimbia mtu hata kama mwili wake unaidai, na mtu aliyekataa sahani ya wali hukubali kijiko cha mtori akibembelezwa. Tangawizi nimenunua ya kutosha kijiji kizima.

Hapa basi ndipo ninapokuomba msaada wenyewe, na ningefurahi kama ungeufuta ule ukurasa wote na kubakiza huu. Naomba visheti. Visheti vya Mama, vile vikavu vyenye iliki, kilo 2, na kashata za karanga kiasi hicho hicho, pamoja na tende zisizo na maji mengi. Huku tunapata biskuti za kila aina, lakini biskuti husagika begini na kumkausha mtu koo, ilhali kisheti kinakaa wiki bila kuharibika, kinavumilia kukanyagwa, na kina sukari na mafuta ambayo mwili unayahitaji saa 9 usiku kwenye kile kifusi cha changarawe cha kuelekea kileleni. Joha alipoteremka mwaka juzi aliniambia kwamba angekuwa na kitu kitamu mfukoni asingelia pale Stella Point, ukingoni mwa kreta, kabla ya kilele. Korosho pia, ila zisizotiwa pilipili.

Nguo nitasema kwa kifupi, kwa maana hilo mwalimu wako ni baridi yenyewe. Usije na fulana za pamba kwa ajili ya kutembelea, kwa kuwa zikilowa jasho hazikauki na zinakunyonya joto. Njoo siku 2 mapema twende pale Memorial tuchague mitumba, sweta za sufu na koti zito, nako kuna mama mmoja ambaye huniwekea zile zisizo na zipu mbovu. Khanga lete 2, hizo hazina mjadala. Betri za tochi ya kichwani tutalala nazo ndani ya begi la kulalia ili baridi isizimalize, na chupa za maji usiku wa kileleni tutazibeba kichwa chini, kwani barafu huanza kuganda sehemu ya juu na ingeziba mdomo wa chupa. Viatu, tafadhali, usinunue vipya wiki ya safari. Navyo nakuomba uanze kuvivaa leo, hata sokoni, hata wakikucheka.

Nimerudi kwenye maharage, nisamehe. Nimekuwa nikiyawaza hata ninapoandika juu ya viatu. Siwezi kumrudishia Mama zawadi yake, wala sitaki umwambie uongo kwamba yalipanda hadi juu. Nilichofikiria ni hiki: yalete yote, lakini mlimani ipande kilo 1 tu. Nitayaloweka na kuyachemsha hapa nyumbani usiku wa kuamkia safari, kwa chumvi peke yake na bila tui la nazi, kwa sababu tui huchacha, kisha mpishi atayaunga kwa vitunguu jioni ya kwanza pale kambi ya Machame, mita 2,835, tuyale na ndizi. Yatakuwa yameiva tayari, kazi ya gesi itakuwa kuyapasha tu, na uzito wake utakuwa matumboni mwetu kabla ya kupanda Shira. Kilo 7 zilizobaki tutazila Moshi tukirudi, siku ambayo kila mtu atakuwa na njaa ya siku 7. Sijui kama Mama atalikubali hilo la bila nazi. Pengine ungemwambia kwanza habari ya gesi, halafu...hapana, wewe unamjua zaidi.

Sasa naomba unijibu haya bila kuyapitia juu juu. Je, daktari alikupima presha kama tulivyokubaliana, na alisema nini kuhusu zile dawa za mlima? Unakuja kwa basi la asubuhi au la mchana, nikupokee stendi saa ngapi? Yule binamu yako bado anakuja, au tubaki na wanne wale wale? Mnaye mtu Tanga anayeuza tochi za kichwani kwa bei ya kibinadamu, kwa maana hapa wakiona mtu anaulizia wanafikiri ni mtalii? Na je, unakoroma? Nauliza kwa uungwana kabisa, kwa kuwa hema ni letu wawili, na tangu bwenini ni miaka 19.

Nitashukuru majibu yakinifikia kabla ya Jumatano, kwani Alhamisi alfajiri ninakwenda Mbuyuni kununua vitu vikavu na nisingependa kurudi mara ya pili.

Wako wa siku zote,
Ndeshi

Nyongeza: Mwambie Mama kwamba korosho zimefika salama. Zikiwa nusu bahasha, lakini kwa hilo mwenye kuulizwa ni Mwalimu Temu.