Mkalimani wa shule hakushuka toka mbinguni

Mhariri,

Kuna msomaji wenu kaandika eti sisi wazazi Waswahili huku Marekani tuachane na mambo ya ubaguzi mashuleni, hiyo ni vita ya Weusi wa huku na Wamexico, sisi tulikuja kutafuta maisha. Jamani! Ndugu yangu, huyo mkalimani unayepewa bure ukiitwa shule unadhani katoka wapi?

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayozikataza shule zinazokula hela za serikali kuu kubagua mtu kwa rangi au asili, ni Weusi wa huku ndio walipigwa virungu na kung'atwa na mbwa mpaka ikapita. Halafu wazazi Wachina wa San Francisco wakaishika sheria hiyohiyo, maana watoto wao kama 1,800 wasiojua Kiingereza walikuwa wanakaa tu darasani hawaambulii kitu, wakaenda nayo mpaka Mahakama ya Juu na 1974 wakashinda, kesi ya Lau na Nichols. Mkalimani wako naye msingi wake ni sheria hiyohiyo. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu juzi akifundishwa Kiingereza leo anakula jasho la hao wote.

Na tusidanganyane, hawakuwa wanapendana kihivyo. Kwenye kesi ya Mendez kule California, ya kupinga watoto wa Kimexico kutengwa shule zao peke yao, upande wa Wamexico ulidai kwamba wao kisheria ni weupe, kauli ya kukera kabisa kwa mtu mweusi, lakini NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, cha kina wakili Thurgood Marshall, ikapeleka hoja kuwaunga mkono, chama cha Wajapani wa Marekani nacho kikaingia. 1947 rufaa ikaamuliwa, Wamexico wakashinda. Marshall naye alishinda kesi ya Brown 1954, ile iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi.

Ila haki kuwepo na kupewa ni vitu viwili. Nimeona mtoto kaitwa kwa kupigana halafu yeye ndo anamtafsiria mama yake, mwalimu anaongea wee, dogo anasema "mama, anasema niko vizuri tu". Kumbe kasimamishwa masomo! Mama wa Guatemala waliyekaa naye benchi moja shida yake ni hiyohiyo.

Wazazi wanne wa Kiswahili tukienda bodi ya shule tutaambiwa bajeti haitoshi. Twendeni na hao wa Guatemala, na Wasomali, na Weusi wanaolia watoto wao wanafukuzwa hovyo, kila kundi liandike dai lake karatasi moja, letu liwe mkalimani mtu mzima, tusaini wote madai yote. Vikao viko wazi, cha muhimu wahi kujiandikisha kuongea.

Mzazi, Ohio