Ukaguzi wa data usiishie kwenye kontrola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotengeneza mifumo ya tovuti kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, hapa Kigoma, pamoja na viongozi wa SACCOS na wafanyabiashara wa dagaa na mawese wanaowalipa. Mwanachama akionekana mara mbili kwenye orodha, au mzigo mmoja ukiandikwa mara mbili, lawama hupewa mtandao. Mtandao wetu ni mzito, sikatai. Lakini mfumo uliopangwa vizuri haukubali rekodi mbili hata mtandao uwe mbovu kiasi gani.

Kinachoharibu ni kurundika kila kitu kwenye kontrola, yaani sehemu ya programu inayopokea maombi ya mtumiaji. Sehemu ya kusajili inakagua jina, simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Sehemu ya kuhariri ina nakala ya ukaguzi uleule, na haichukui muda nakala hizo mbili hazilingani tena. Kisha bosi anaomba kupakia majina kwa Excel, kisha anataka programu ya simu kwa makarani walioko mwalo wa Kibirizi. Nyumba sasa ina milango mitatu, na mlinzi yuko kwenye mmoja tu, ule wa fomu ya tovuti.

Kazi ya kontrola ni kupokea ombi, kulikabidhi panapohusika na kurudisha jibu. Fankisheni yake, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, ikipita mistari kumi na mitano hivi, anza kuitilia shaka. Ukaguzi upelekwe unakostahili.

Umbo la data lina klasi yake, yaani fungu la msimbo la kulikagua. Kwenye Laravel, kiunzi cha kujengea mifumo ya PHP, amri ya php artisan make:request inakutengenezea klasi hiyo, na kanuni zake zinaweza kutumika pia na kazi ya kupakia Excel. Safisha kwanza ndipo ukague: ndani ya prepareForValidation, fankisheni inayotangulia ukaguzi, ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, geuza sifuri ya mwanzo kuwa 255, halafu dai tarakimu 12, ya nne ikiwa 6 au 7. Usipofanya hivyo, mtu mmoja ataandikishwa kwa 07 leo na kwa +255 kesho, na mfumo utamwona kama watu wawili.

Simu na namba ya NIDA zihifadhiwe kama maandishi. Hapa wengi huteleza. INT, aina ya kawaida ya safu ya namba kwenye kanzidata ya MySQL, inaishia 2,147,483,647, na simu ya tarakimu 12 haiingii humo. MySQL ambayo haijawashiwa ukali wake (strict mode) huikata bila kusimamisha kazi, mkakuta wanachama wote wana simu ya 2147483647. NIDA ndiyo kabisa: ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hata BIGINT isiyo na hasi, aina ya namba kubwa zaidi, haifiki, maana kikomo chake nacho kina tarakimu 20 lakini kinaanza na 18, na hakuna aliye hai aliyezaliwa miaka ya 1800. Excel nayo hushika tarakimu 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri. Kwa hiyo faili la kujazia majina liwe limewekwa safu hiyo kama maandishi kabla karani hajaandika chochote. Akishahifadhi, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Kanuni za kazi, yaani masharti ya biashara yenyewe, ni jambo jingine. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mfumo wa kupokea samaki unapaswa kukataa mzigo uliovuliwa ndani ya tarehe za namna hiyo, lakini usikatae mauzo ya dagaa waliokaushwa kabla ziwa halijafungwa. Uamuzi huo unahitaji tarehe ya kuvua, tarehe ya kuuza na jedwali la vipindi vya kufungwa, ambalo msimamizi anaweza kulibadilisha bila kugusa msimbo. Uwekwe kwenye modeli, yaani sehemu ya programu inayoshughulikia data, au kwenye klasi ya huduma ambayo milango yote inaipitia. CakePHP, kiunzi kingine cha PHP, tangu toleo la 3 la mwaka 2015, imetenganisha mambo haya waziwazi: validationDefault hukagua umbo, buildRules hukagua wakati wa kuhifadhi. Wanaotumia Laravel nao wangefaidika kuuiga mpango huo.

Tukija kwenye rekodi mbilimbili: karani anabonyeza Hifadhi, ukurasa unakawia, anabonyeza tena. Maombi mawili yanafika karibu pamoja. Yote yanauliza, namba hii ipo? Yote yanajibiwa haipo, yote yanaandika. Kanuni ya unique ya Laravel, inayokagua kama namba imeshatumika, haizuii hili, kwa sababu inauliza kwanza na kuandika baadaye. Kinachozuia ni indeksi ya kipekee ndani ya kanzidata, yaani sharti la kanzidata yenyewe la kutokubali namba moja mara mbili. Ombi la pili litarudishiwa kosa namba 1062 la MySQL. Lidake, umwambie karani kwamba mwanachama ameshasajiliwa. Na unapohariri, iambie kanuni ya unique iiruke rekodi yenyewe, la sivyo mtu akisahihisha jina tu ataambiwa simu yake imetumika.

Msipitishe $request->all() kwenye modeli; tumieni $request->validated(), yaani data iliyopita ukaguzi tu, na kuorodhesha safu zinazoruhusiwa kwenye $fillable. Bila hivyo mjanja anaweza kuongeza kisanduku chake kwenye fomu na kujipa cheo cha msimamizi. Safu za fedha ziwe za aina ya DECIMAL, inayotunza desimali kamili, kamwe zisiwe FLOAT, inayokadiria. Ujumbe wa makosa uwe wa Kiswahili, utaje kisanduku chenye kasoro, na vilivyokwisha kujazwa vibaki kwa kutumia old() ya Laravel. Kumjazisha karani upya fomu nzima ni kumwonea.

Viongozi mnaolipa, kabla ya kumalizia malipo bonyezeni Hifadhi mara mbili upesi. Pakieni Excel yenye simu iliyopungua tarakimu moja. Fungueni mwanachama mmoja, mbadilishe jina lake tu, kisha mhifadhi. Lolote kati ya hayo likienda kombo, mrudishieni kazi mtengenezaji wenu pamoja na ukurasa huu wa gazeti.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma