Usinunue gurudumu jipya kabla hujaifungua habu

Ngamiani, Tanga
12 Mei 2024

Mpendwa Baba Zuhura,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba mama watoto amepona na kwamba huko Tabora mvua zimeshakatika, kwa kuwa huku kwetu masika bado yanatulowesha. Ila kilichonifanya nishike kalamu usiku huu huu ni ile habari ya gurudumu la mbele la baiskeli yako, kwamba linanguruma na kuyumba, na kwamba fundi aliyelitazama amekushauri ununue gurudumu zima. Nakuomba usitoe fedha kwanza. Kwa maelezo yako mwenyewe ringi imenyooka na spoki zote zimekaza. Kinacholia ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ndani yake hamna kitu ila ekseli (chuma cha katikati), koni mbili zinazokaa kwenye ekseli, vikombe viwili vilivyomo ndani ya habu, gololi zinazozunguka kati ya koni na kikombe, na grisi.

Anza kwa kuhakikisha. Inua baiskeli, shika ringi karibu na foku (uma unaoshika gurudumu), uisukume kulia na kushoto. Ukisikia inagonga, koni zimelegea. Kisha lichomoe gurudumu, shika ncha za ekseli kwa vidole na uizungushe taratibu: ikikwaruza kama iliyotiwa mchanga, grisi imekwisha au imechanganyika na vumbi, na grisi yenye vumbi ni mbaya kuliko ukavu, maana hapo umekwisha kujitengenezea msasa unaosaga chuma kila unapokanyaga pedali. Kabla ya kulichomoa, chora alama ya chaki kwenye ncha ya ekseli kuonyesha upande uliokuwa juu. Sababu yake utaiona baadaye.

Vifaa havizidi unavyoweza kuazima kwa jirani: spana ya nati za ekseli, spana nyembamba ya kushikia koni (mara nyingi namba 13 kwa mbele na 15 kwa nyuma, lakini pima yako), mafuta ya taa, mswaki mkuukuu, vitambaa na kopo dogo la grisi safi. Usitumie petroli, hasa kama mnapikia uani. Chini tandika shuka jeupe, na juu yake weka sinia. Mimi mara ya kwanza nilifanyia kazi hiyo uani bila kutandika kitu, gololi mbili zikadondoka, na kuku wa mama watoto akaidonoa moja na kuimeza mbele ya macho yangu. Nilikwenda dukani kununua gololi huku watoto wakinicheka hadi kona ya barabara.

Fungua upande mmoja tu. Shika koni kwa spana nyembamba, legeza nati ya kufungia, kisha toa nati, washa (kile kipete bapa) na koni, na uzipange kwa mfuatano kama zilivyotoka. Habu nyingine za mbele hazina nati ya kufungia, koni hubanwa na foku yenyewe; kama yako ni ya namna hiyo, kazi imepungua. Koni ya upande wa pili usiiguse, iache palepale kwenye ekseli, ili unaporudisha usilazimike kuanza kupima upya kwamba ekseli imetokeza sawasawa pande zote mbili. Laza gurudumu juu ya sinia, vuta ekseli polepole, na gololi zitaanza kuanguka. Zihesabu, na za kushoto usizichanganye na za kulia. Kwa baiskeli nyingi utakuta mbele gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, na nyuma 9 za robo inchi kila upande, lakini hesabu yako ndiyo ya kuamini, kwa sababu huenda aliyefungua kabla yako alipoteza moja akanyamaza.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, bila kuifuta ile alama ya chaki, kausha, kisha nenda mlangoni penye mwanga. Hapa usiwe na haraka. Gololi nzima hung'aa kama jicho la samaki wa asubuhi. Iliyofifia, yenye doa au iliyobanduka ganda haifai, na ukikuta moja mbovu badilisha zote, kwa kuwa gololi mpya ikiwa kubwa kuliko wenzake hata kwa unywele, yeye ndiye atakayebeba uzito peke yake. Halafu geuza koni chini ya mwanga na upitishe ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi. Ikikwama kwenye vishimo, hapo ndipo ngurumo inapotoka.

Sasa tazama ile alama ya chaki, na nadhani utakuta vishimo viko upande wa chini. Kikombe kimo ndani ya habu na huzunguka pamoja na gurudumu, kwa hiyo uzito wako hugawanyika mduara mzima. Koni haizunguki. Imekaa na ekseli palepale mwaka mzima, na wewe, pamoja na lile gunia la mchele unalobeba, mnaegemea upande wake wa chini tu. Ndiyo maana mara nyingi koni hufa kabla ya kikombe, na ndiyo maana nilishangaa kusikia unaambiwa ununue gurudumu zima wakati kinachochakaa kwanza ni kipande kinachoenea kwenye kiganja. Ikiwa vishimo si virefu na duka liko mbali, irudishe ekseli ukiwa umeigeuza nusu duara, upande mzima ukae chini. Utapata miezi kadhaa ya kutafuta koni mpya. Kikombe kikiwa na vishimo, hapo nakubaliana na fundi wako, maana kukitoa kwenye habu na kupata kingine cha kuitosha habu hiyo ni taabu isiyolipa.

Kurudisha si kazi. Paka grisi tele ndani ya kikombe, bandika gololi moja moja, nazo zitashikwa na grisi zisianguke. Ukimaliza lazima ubaki mwanya mdogo. Ukiona zimejazana hadi zinasukumana, umezidisha moja. Paka grisi nyingine juu, ingiza ekseli, kaza koni kwa vidole.

Kinachobaki ni kurekebisha koni, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mimi mwenyewe, kwa kuchukia ule mgongano, nilikaza koni hadi gurudumu likatulia kabisa, nikajisifu, nikaendesha kwenda na kurudi Pongwe kwa wiki tatu. Nilipofungua tena nilikuta koni mpya imebanduka kama mkate wa kuungua. Kwa hiyo kaza mpaka mgongano uishe, kisha rudisha nyuma kidogo sana, tuseme moja ya nane ya mzunguko. Halafu shika koni isisogee na ukaze nati ya kufungia, ukijua kwamba nati hiyo huisukuma koni ndani kidogo inapokaza. Jaribu. Ikibana, legeza yote uanze tena. Mimi hurudia mara nne au tano, na hainisumbui. Lifunge gurudumu kwenye foku, kaza nati za nje, kisha lijaribu tena, kwa sababu kipimo cha sinia si kipimo cha foku. Likiwa sawa halitagonga ukilisukuma ubavuni, na ukiliinua likae huru, upande wenye valvu utashuka wenyewe na kupembea mara kadhaa kabla ya kutulia.

Gurudumu la nyuma liache mpaka hili likamilike. Huko kuna cheni, stendi na kerieri za kufungua, na gololi za upande wa friwili (gia ya nyuma inayoshika cheni) zimezama ndani sana. Mimi huzifikisha kwa kipande cha spoki nilichokipaka grisi nchani. Na kama habu yako ina kile kitundu cha katikati chenye klipu ya chuma, usikitilie oili ukishapaka grisi. Oili itaiyeyusha na kuitoa nje, na spoki zako zitashika vumbi lote la Tabora.

Huku nakoishi karibu na bahari chumvi hula chuma, kwa hiyo mimi hufungua mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika. Kwako, ikiwa huvuki maji, mara moja inatosha. Ukienda dukani chukua ile koni mbovu mfukoni, kwa kuwa uzi wa ekseli hutofautiana baina ya aina na aina, na koni ya kukisia haiingii. Ukikosa huko, niandikie unene wa ekseli na ukubwa wa gololi, nami nitaulizia kwenye maduka ya hapa Ngamiani na kukutumia kwa basi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Baba Idi