Mlo wa Jumapili wa Waingereza umehukumiwa kwa sahani mbovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mlo wa Jumapili wa Waingereza, yaani nyama ya kuokwa pamoja na viazi, mboga na mchuzi wake, ni chakula cha mgonjwa kisicho na ladha, na kwamba Waafrika Mashariki tunaoishi huku tungefanya hisani kubwa tukiwafundisha wenyeji wetu kuipaka nyama hiyo bizari. Nimeishi kaskazini mwa Uingereza muda wa kutosha kuula mlo huo ukiwa umepikwa vizuri na ukiwa umeharibiwa. Sina shaka kwamba sahani aliyoieleza mwenzangu ilikuwa mbaya kama alivyosema. Ninachokataa ni kuyahukumu mapishi yote kwa kosa la sahani hiyo.

Lalamiko lake kubwa ni kwamba nyama haikuwa na kiungo chochote zaidi ya chumvi na pilipili manga. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu aliyeketi kwenye meza ya nyama choma, iwe Arusha au Nairobi, haulizi iliki na mdalasini viko wapi. Anataka nyama nzuri, moto mzuri na chumvi, na pembeni awekewe kachumbari na pilipili. Waingereza wanafuata kanuni hiyo hiyo: nyama huachiwa ladha yake, na ukali huwekwa kando ili kila mlaji ajipimie. Nyama ya ng'ombe huliwa na haradali au na sosi ya horseradish, mzizi ambao ukikunwa hupanda puani mpaka machozi yakatoka. Ya kondoo huliwa na majani ya nanaa yaliyokatwakatwa ndani ya siki yenye sukari kidogo. Ya nguruwe, kwa wanaoila, huliwa na matufaha yaliyopikwa mpaka yakapondeka. Na kuku huliwa na sosi ya mkate. Sosi hii ya mwisho ingefaa mwenzangu aionje kabla ya kuandika kwamba Waingereza hawajui viungo, kwa sababu huanza kwa kuchomeka karafuu kwenye kitunguu kizima na kukipasha taratibu ndani ya maziwa, na maziwa yakishashika harufu ndipo hutiwa chenga za mkate. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Unguja na Pemba ndizo zilizotoa karafuu nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, na jikoni za Waingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoitumia. Sisi hatupaswi kuwa wa kwanza kuisahau.

Ladha ya mlo huu hutoka kwenye moto mkavu na mafuta. Nyama ikikaa katika oveni yenye joto kali, uso wake hukauka, kisha protini na sukari zilizomo huungana na kutoa rangi ya kahawia na harufu ambayo maji yanayochemka hayawezi kuileta, kwa kuwa maji hayapiti nyuzi joto 100 na kazi hiyo inahitaji kiasi cha 140 au zaidi. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, lakini wapishi wa Kiingereza walikuwa wakiyategemea karne nyingi kabla yake, wakati nyama ilipozungushwa kwenye kijiti cha chuma mbele ya moto wa wazi, tena katika nyumba nyingine gurudumu la kuzungushia likiendeshwa na mbwa mdogo mwenye miguu mifupi aliyefugwa kwa kazi hiyo tu.

Viazi ndivyo vinavyomtofautisha mpishi na mbabaishaji. Huchaguliwa viazi vya unga, kwa mfano aina ya Maris Piper au King Edward, vikamenywa, vikachemshwa kwa dakika kama kumi mpaka kingo zianze kulainika, vikachujwa, kisha vikatikiswa ndani ya sufuria yenye mfuniko ili nje pachakae. Mchakao huo ndio unaonyonya mafuta na kuwa ganda. Vikitoka hapo hutupwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto ndani ya oveni, ama ya bata bukini ama yale yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama, na huokwa kwa karibu saa nzima huku vikigeuzwa. Kiazi kilichopikwa hivyo hulia kikitafunwa, na ndani yake ni laini kabisa. Anayekiita chakula cha mgonjwa bila shaka aliletewa kile kilichotiwa katika mafuta baridi, ambacho hunyonya mafuta kama sifongo na kubaki na rangi ya nta.

Halafu kuna mchuzi. Nyama ikitolewa hupumzishwa dakika 20 au 30 kabla ya kukatwa, ili maji yake yasimwagike kwenye ubao. Wakati huo mpishi huweka trei ya kuokea juu ya jiko, hupunguza mafuta, hunyunyiza unga wa ngano kidogo, kisha humimina supu ya mifupa au maji ya mboga huku akikwangua kila kilichoganda chini. Vile vilivyoganda ndiyo ladha ya nyama iliyokolezwa, na mchuzi huo ndio unaoviunganisha vyote vilivyomo sahanini. Mlo huu ukiulizwa utamu wake umekaa wapi, nitajibu bila kusita kwamba umekaa kwenye trei, na ndiyo maana mahali wanapokoroga unga wa mchuzi wa kopo kwa maji ya moto sioni haja ya kuagiza nyama.

Pudingi ya Yorkshire, ambayo mwenzangu aliidhani mkate uliosahauliwa kutiwa sukari, ina historia inayostahili heshima. Ni rojo la unga wa ngano, mayai na maziwa linalomiminwa kwenye mafuta ya moto mpaka likavimba na kuacha shimo katikati, na maelekezo yake kwa jina hilo yalichapishwa mwaka 1747. Zamani liliwekwa chini ya nyama inayozunguka ili lipokee mafuta yanayodondoka, na watu wa Yorkshire walizoea kuliandaa mwanzo, peke yake na mchuzi, ili walaji washibe kabla ya kugawana nyama iliyokuwa ghali. Waingereza wenyewe hawana mzaha nayo: mwaka 2008 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ilitamka kwamba isiyofika inchi 4 kwa urefu haistahili kuitwa kwa jina hilo.

Sifa mbaya ya chakula hiki ina sababu zake. Mwaka 1748 Pehr Kalm, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alipita Uingereza na kuandika kwamba watu wa nchi hiyo walikuwa hodari wa kuoka nyama karibu kuliko taifa lolote, ingawa aliongeza kwamba zaidi ya nyama hiyo na pudingi hawakuwa na mengi ya kuonyesha. Ustadi huo ulivurugwa sana na vita. Mgao wa vyakula ulianza Januari 1940, nyama ikaingizwa Machi mwaka huo huo, mtu mzima akiruhusiwa nyama ya thamani ya shilingi 1 na peni 10 kwa wiki, na haikuachiwa huru hadi Julai 1954. Kwa miaka 14 hiyo wasichana wengi waliolewa na kuwa mama bila kuwahi kuoka paja zima la kondoo, huku askari wa Marekani zaidi ya milioni moja waliopita nchini humo wakirudi kwao na habari za chakula walichokula wakati wa njaa. Kinachosemwa leo juu ya jiko la Kiingereza, kwa sehemu kubwa, ni habari za miaka hiyo.

Kuna hoja moja ambayo namwachia mwenzangu yote, nayo ni ya mboga. Kabichi na karoti huchemshwa katika nyumba nyingi mpaka zikapoteza rangi na nguvu, na vile vikabichi vidogo vya Brussels vikizidi dakika chache tu hutoa harufu ambayo hakuna mchuzi wa kuificha. Hapo ndipo jiko letu lingewafaa, kwa kuwa mboga iliyokaangwa haraka na kitunguu ingekaa vizuri kabisa kando ya nyama ya ng'ombe. Namuunga mkono pia kuhusu migahawa inayokata nyama asubuhi na kuiweka chini ya taa za joto mpaka jioni. Hapo hata mpishi bora hawezi kutetewa.

Lakini lile pendekezo la bizari silikubali. Unga wa viungo ukipakwa kwenye nyama na kuachwa kwa muda mrefu katika joto la nyuzi 200 huungua na kuwa mchungu, uchungu huo ukashuka kwenye trei, na mchuzi ukaharibika kabla haujaanza. Ndugu zetu Waislamu wa Leicester na London, ambao hununua mguu wa kondoo kwa mchinjaji wa halali na kuuloweka kwa mtindi, tangawizi na kitunguu saumu, wanapika chakula kizuri sana, ila hicho ni chakula kingine na wao wenyewe hawakiiti cha Kiingereza. Mwenzangu akitaka ukali Jumapili ijayo, aombe haradali ya Kiingereza, ile ya unga uliokorogwa na maji baridi, aipake kwenye nyama kwa ncha ya kisu, wala asijaze kijiko.

Wako,
Msomaji, Leeds, Uingereza