Kisu cha kuchongea ulimi wa obo hakipimwi kwa kidole gumba

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushauri uliotolewa na msomaji mmoja katika ukurasa huu kwa vijana wanaojifunza kuchonga ndimi za obo (ala ya muziki ya kupulizwa, ambayo ulimi wake ni kile kipande cha mdomoni kinachotetema na kutoa sauti), kwamba ukali wa kisu upimwe kwa kupitisha kidole gumba juu ya makali, au kwa kukata karatasi. Njia ya kwanza ni ya hatari, na ya pili, ingawa haimdhuru mtu, inapima jambo lisilohusika.

Obo ni jamaa ya zumari letu la Pwani, lakini ulimi wake huchongwa kwa tete, mmea unaofanana na mwanzi, na tete lenye sifa kubwa hutoka Var, kusini mwa Ufaransa, na ncha yake hukwanguliwa hadi ibaki nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kazi ya kisu hapo ni kukwangua. Ndiyo maana mafundi wengi, wakishanoa, huacha ukingo uliojikunja kidogo mno kuelekea upande mmoja, na kisu cha namna hiyo chaweza kuichana karatasi ovyo ilhali kwenye tete kinafanya kazi vizuri kabisa. Anayeiamini karatasi atarudi kwenye jiwe la kunolea bure na kumaliza chuma chake.

Kipimo ninachowafundisha wanafunzi wangu kinahitaji kalamu ya plastiki tu. Kalamu hulazwa mezani, makali yakawekwa juu yake kwa mshazari bila kukandamizwa, kisha kisu kikasukumwa kidogo sana, kikielekea mbali na vidole vinavyoishikilia kalamu. Kikinasa palepale ni kikali. Kikiteleza ni butu. Lazima kipimwe karibu na mpini, katikati na nchani, kwa kuwa hakichakai sawasawa. Wazoefu hutumia ukucha wao badala ya kalamu, jambo ambalo simshauri anayeanza. Anayetaka kuuhisi ule ukingo uliojikunja na apitishe kidole kutoka ubavuni mwa kisu hadi nje ya makali, kamwe asikifuatishe urefu wa makali.

Hatimaye kisu kijaribiwe kwenye ulimi mkongwe, kibati chembamba kikiwa kimechomekwa kati ya vipande vyake viwili vya tete. Kisu kikali hutoa unga laini bila kutumia nguvu. Kisu butu huacha mifuo, na mchongaji huanza kukandamiza bila kujijua. Hapo ndipo kinapoteleza na kumkata kidole cha mkono wa pili.

Wako,
Mwalimu wa muziki,
Mombasa