Ndege wa Mida hufuata maji, si saa ya mkononi

Mhariri,

Kila likizo ya Agosti mabasi ya shule na vikundi vya wapenda ndege humiminika kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, na ratiba huwa ileile: kufika saa tatu asubuhi, kuondoka saa tano. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, saa hizo maji yamekupwa. Ndege wamo, ila wametawanyika mbali kwenye tope, hewa inatetemeka kwa joto na jua linapiga usoni. Watoto hurudi nyumbani wakisema Mida hakuna kitu.

Ratiba ipangwe kwa maji. Pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na tena alasiri. Basi siku hiyo na mbili tatu zinazofuata, kundi liwe limetulia kwenye kibanda cha mwisho wa daraja la miguu lipitalo kwenye mikoko kufikia saa saba mchana. Maji yakiingia huwasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea kwenye mikoko, na jua wakati huo limeshahamia upande wa barabara kuu, yaani mgongoni. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, latosha kupangia, lakini ongeza muda: mlango wa hori ni mwembamba, na maji ya ndani huchelewa. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni afadhali kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke, maana maji hujaa asubuhi bila nguvu ya kufunika tope, na ndege hawana sababu ya kusogea.

Kibandani watu kumi wanatosha, wakiwa na darubini mbili za miguu mitatu. Waliobaki wangoje nchi kavu, wasisimame darajani. Daraja limening'inizwa: mtu mmoja akipiga hatua, anayechungulia kwenye darubini huona ndege wakirukaruka kama picha ya televisheni mbovu. Fupisha miguu ya darubini, kaa chini, mwambie kila mtu atulie. Malapa yaachwe garini, kwani tope la mikoko huyavua. Na shati jeupe liachwe pia.

Wanaoanza huchanganyikiwa na vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni, kwa kuwa wote wanaonekana wa kijivu. Anza na ukubwa, kisha mdomo, kisha namna anavyokula. Wale wanaokimbia, wakasimama ghafla, wakadonoa, wana mdomo mfupi na hutafuta kwa macho. Wanaochoma tope mfululizo kama cherehani wanapapasa kwa mdomo. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anayewafukuza kaa huku na huku kama kichaa, hachanganyiki na mwingine. Agosti wazazi ndio hutangulia kufika, na wengine bado wana mabaka mekundu kifuani waliyokuja nayo kutoka Siberia. Vijana hufuata baadaye, mgongo ukionekana kama wenye magamba kwa sababu kila unyoya mpya una ukingo mweupe. Mwongozaji asiyejua hili huwahesabu kuwa aina mbili.

Lakini wa kusubiriwa ni yule mla kaa (kwa Kiingereza crab plover) mwenye rangi nyeupe na nyeusi, miguu mirefu, domo jeusi nene kama koleo. Katika familia yake ya kisayansi yuko peke yake duniani. Huzalia kwenye mashimo ya mchanga huko Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, yai moja tu, kisha huja kwetu na mtoto. Mtazame mtoto: rangi yake imefifia kijivu, anainama na kulia mluzi nyuma ya mzazi mpaka apewe kaa, ingawa ameshavuka bahari kwa mbawa zake. Kundi likiliona jambo hili kwa utulivu wa dakika kumi, limepata zaidi ya orodha ya aina hamsini.

Kosa baya kuliko yote ni kuwasogelea maji yakiwa yamejaa ili kupata picha. Hapo wamesimama kupumzika, na kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyoyahangaikia. Wakiacha kujikuna, wakainua vichwa wote pamoja, umeshapita mpaka: rudi nyuma. Wenye mashua nao wazime injini mbali.

Vikundi vinavyobaki saa mbili au zaidi viandike aina kwa mpangilio zilivyoonekana na kuzituma kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya (Kenya Bird Map), mradi wa kukusanya orodha za ndege, ambako saa mbili ndicho kiwango cha chini cha orodha kamili. Kundi kubwa la ndege lihesabiwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, kwa mafungu ya kumi kumi, kabla halijaruka. Hesabu zikipishana sana, rudieni.

Mwongoza watalii,
Watamu, Kilifi