Wakazi wapewe nafasi ya kueleza picha za Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna tunavyousimulia mji wetu wa Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Kazi hii nimeifanya Buguruni, Ilala na Temeke tangu enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, kwa brashi na rangi ya mafuta, mpaka mashine za kuchapa mabango ya turubai zilipotunyang'anya wateja wengi. Kwa hiyo nikizungumzia picha za mjini, nazungumzia kitu ambacho kimenilisha mimi na wanangu.

Mgeni akitaka kuujua mji huu kwa njia ya sanaa, mzunguko ni ule ule. Atapelekwa Oysterbay kwenye picha za tingatinga, atapelekwa Mwenge kwenye vinyago, atapiga picha mbele ya Sanamu ya Askari pale Posta, kisha anarudi hotelini. Sina ugomvi na sehemu hizo, na kila moja ina heshima yake. Kinachoniuma ni kwamba safari nzima inakwisha bila mkazi hata mmoja kuulizwa: wewe picha hii unaionaje, na inakuhusu nini? Watoto wetu wa shule nao wakitembezwa, hutembezwa hivyo hivyo.

Chukua tingatinga yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vya kila aina. Mnamo 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya mraba vya silingibodi, kwa rangi ya kung'aa ya aina ile waliyokuwa wakipaka baiskeli. Alichora zaidi ndege na wanyama kwa sababu wanunuzi wake walikuwa Wazungu wa Oysterbay, na biashara ilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki. Ndugu zake na vijana aliokuwa amewafundisha wakaishika kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Habari hiyo, kila fundi brashi wa rika langu anaijua, na mimi naona ndani yake mna mji wote huu: mtu wa kusini aliyepitia mkonge, kazi ya ndani kwa Mzungu, shemeji na binamu wanaofuatana kutoka kijijini mmoja baada ya mwingine, riziki ya barabarani, na kifo cha usiku mmoja. Lakini ukitazama ubao wenyewe unaona tembo. Haya mengine huyaoni mpaka akae mtu akusimulie. Wachoraji wa baadaye wa mtindo huo walianza kuchora soko lililofurika, hospitali na mabasi yaliyojaa, na mimi hizo ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu mkazi akizitazama hujitafuta humo.

Au chukua Sanamu ya Askari. Ipo tangu 1927, na kila anayepita anamwona yule askari wa shaba ameelekeza singe bandarini. Wapagazi waliobeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza wametajwa kwenye maandishi ya chini, lakini hawakusimamishwa juu kama yeye. Kambi yao, hata hivyo, ilikuwa hapo hapo mjini, na ndiyo Kariakoo ya leo. Mtembeze mtu kutoka Posta hadi Kariakoo kwa miguu, awe na mzee wa huko wa kumweleza nani alikaa wapi, ndipo sanamu ile itamwingia. Bila mzee huyo atakuwa amepiga picha ya mtu na bunduki.

Hapo hapo Kariakoo kuna jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mapaa yake ya zege, ya mfano wa miavuli iliyopinduliwa, yalikusudiwa kukinga mvua na kuteremsha maji kwenye matangi ya chini. Wataalamu wa majengo wanalisifu sana, na wana haki ya kulisifu. Mimi nilielezwa jengo hilo na mama mmoja aliyeuza nyanya Shimoni, yaani sehemu ya chini ya soko, kwa miaka mingi. Yeye hakuwahi kunitajia paa hata siku moja. Alinieleza ubaridi wa kule chini, jinsi nyanya zilivyokawia kuharibika, na jinsi wenzake waliokuwa wanauzia nje juani walivyomwomba awalazie matenga yao. Jengo lilipoungua Julai 2021, yeye alikuwa ameshaacha biashara, lakini alipanda gari akaenda kusimama ng'ambo ya barabara kutazama. Ningemfurahia sana mwandishi ambaye siku ile angeandika habari za mbunifu na za mama huyo katika ukurasa mmoja.

Sasa niingie kwenye kazi yangu mwenyewe, maana hapo ndipo nina uhakika kabisa.

Mama ntilie mmoja wa karibu na stendi ya Buguruni aliniita nimchoree ubavu wa kibanda chake. Alitaka sahani ya wali na samaki. Nikauliza, samaki wa namna gani? Akasema, "Fundi, mchore mzima, na kichwa chake. Ukinichorea kipande watu wataniuliza ni samaki gani, na mimi asubuhi sina muda wa kujibu." Wateja wake walikuwa wa kutoka kila pembe ya nchi, wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mafia, na kila mmoja alikuwa na samaki wake wa nyumbani anayemtambua kwa kichwa. Tukakubaliana changu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipatikana soko la samaki la Feri kwa bei ambayo yeye angeimudu. Nilipoanza kupima nafasi ya sahani kwa chaki akaniwahi tena: "Kijiko usiniwekee. Hawa wangu ni makuli na wapiga debe, wanakula kwa mkono. Wakiona kijiko watadhani nimepandisha bei, watahamia kwa mwenzangu." Nikachora sahani, samaki mzima, ndimu iliyokatwa na pilipili moja. Pembeni akataka birika la kunawia maji ya vuguvugu, na birika hilo lichorwe kubwa kuliko sahani. Nilimbishia kidogo kwa sababu ya vipimo, akasema kipindupindu kikiingia mjini mama ntilie ndio wa kwanza kufungiwa, kwa hiyo mteja na bwana afya wote waanze kuliona birika.

Mhariri, picha ile ilikuwa ya kibandani tu. Lakini alichora yeye zaidi kuliko mimi, na kila alichokichagua kilikuwa na sababu inayoanzia kwenye maisha ya watu wa stendi ile. Mtu akija leo na kamera ataona samaki aliyechorwa na fundi wa mtaani na kusema ni rangi nzuri. Birika litamshangaza, atadhani fundi hakujua vipimo. Maelezo ya birika yako kwa mama yule, na mama yule hajaulizwa.

Mfano wangu wa pili ni daladala. Tuliomo kwenye kazi hii tuliandika njia ubavuni na mbele, kwa ufupisho ambao kila mkazi anausoma bila shida, G/Mboto kwa Gongo la Mboto, K/Koo kwa Kariakoo na mingineyo. Hilo lilikuwa la lazima, halina mjadala. Mjadala ulikuwa nyuma ya gari na kwenye kioo cha mbele. Nakumbuka gari moja ambalo mwenye mali alitaka liandikwe jina la kijiji cha mama yake huko Rombo. Dereva akasema abiria wa Temeke hawakijui kijiji hicho, iandikwe Yanga. Konda, kijana wa Kilwa, yeye alikuwa na maneno yake ya kuwajibu mahasidi. Walibishana mbele yangu mpaka rangi ikaanza kuganda kwenye kopo. Mwisho kijiji kikaenda juu ya kioo cha mbele, Yanga ikakaa mlangoni, na maneno ya konda yakapewa nyuma, mahali ambapo walio kwenye foleni wana muda wa kuyasoma. Gari moja likabeba watu watatu na kila mmoja akabaki na sehemu yake. Sijaona mahali palipouonyesha mji huu vizuri zaidi ya ubavu wa gari lile.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, daladala za Barabara ya Morogoro ziliondolewa kwenye njia ile. Usafiri ulikuwa wa haraka zaidi na mimi mwenyewe nilishukuru. Ila magari yale yaliondoka na maandishi yake, yakapakwa rangi nyingine au yakauzwa vyuma chakavu, na sina habari ya mtu aliyepita kuwauliza madereva na makonda wao maneno yale yalitoka wapi. Kuta nazo zinafuata. Saluni za kiume zilizokuwa na vichwa vilivyochorwa, kila kichwa na mkato wake ili kijana aonyeshe kwa kidole tu anavyotaka kunyolewa, sasa zinabandika picha zilizochapwa, za vijana wa nje ambao kinyozi hawajui. Barabara zikipanuliwa vibanda huondoka na kila kilichochorwa juu yake. Mji ambao mwaka 1967 ulikuwa na watu wasiofika 300,000, katika sensa ya 2022 mkoa wake umehesabiwa 5,383,728. Lazima ujengwe upya, hilo nalielewa. Kuandika kilichokuwapo kabla ya kupaka chokaa hakumzuii mtu kujenga.

Wapo watakaosema vijana wanapiga picha za kila kitu kwa simu, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Mimi nasema picha zipo, maneno hayapo. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kunihoji kwa ajili ya masomo yake alinisimulia habari za Lubumbashi, huko Kongo, nami nikaishika. Huko alikuwapo mchoraji wa mtaani aitwaye Tshibumba Kanda Matulu, aliyekuwa akiuza picha zake kwa familia za kawaida. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi yake, na mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, akakaa naye na kinasa sauti wakazungumza picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chao cha huko. Leo mtu anaweza kuitazama picha ya Tshibumba na kusikia mwenyewe alikusudia nini, nani alipigwa, nani alikuwa anaogopwa na kwa nini. Picha hizo ziko Amsterdam. Nilifurahi kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa Kiswahili, na niliumia kwamba sisi, wenye magazeti ya Kiswahili kila asubuhi, hatujawafanyia hivyo mafundi wetu.

Ndiyo maana nakuandikia wewe na sikuandikia halmashauri. Gazeti lina waandishi, lina wapiga picha, na linafika mtaani. Naomba mtenge robo ukurasa kila wiki. Mchague kitu kimoja kilichochorwa au kuchongwa au kujengwa katika mji huu, kiwe maarufu au kiwe cha ukuta wa gereji, mkipige picha, kisha mtafute watu watatu: aliyekitengeneza kama yu hai, aliyekilipia, na anayeishi au kufanya kazi mbele yake. Kila mmoja aseme kwa maneno yake, msimsahihishie. Wakipingana waacheni wapingane, kama walivyopingana mwenye gari, dereva na konda wake. Majina yasitajwe kama wenyewe hawataki, maana wapo wenye vibanda ambavyo havina kibali na wataogopa kamera. Waandishi wavumilie kukaa, wanywe chai, wasiende na maswali ya kuandika haraka haraka, kwa sababu mama wa samaki hakunipa habari ya birika siku ya kwanza.

Kama mtaanza, anzeni na daladala za Gongo la Mboto na Mbagala zilizobaki na maandishi ya mkono, kwa kuwa njia hizo nazo zimeingia au zinaingia kwenye mpango wa mwendokasi na magari yenyewe ni chakavu. Baada ya hapo nendeni kwa vinyozi wa Temeke. Kuna wazee wawili watatu wa kazi yetu ambao bado wana daftari za michoro ya zamani, mikono yao imeanza kutetemeka lakini kumbukumbu wanazo. Niko tayari kuwapeleka waandishi wenu mlango kwa mlango, asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla vibanda havijapata wateja wengi. Dawati lenu la barua wana namba yangu ya simu.

Fundi mabango,
Buguruni, Dar es Salaam